Kiungo cha Bomba Kinachovuja: Kazi ya Mkono Wako na Kazi Isiyokuwa Yako

 Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulidharau kwa kuwa huanza na tone moja tu la maji, nalo ni kiungo cha bomba kinachovuja ndani ya nyumba. Tutalitazama jambo hilo kutoka Hallonbergen, mtaa ulioko kaskazini-magharibi ya jiji la Stockholm nchini Uswidi, ambako wanaishi watu wa asili nyingi, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Tumeuchagua mtaa huo kwa sababu hapo swali la namna ya kuziba bomba haliachani na swali la pili: je, bomba hilo ni lako wewe kuliziba?

Hallonbergen imo katika Sundbyberg, manispaa iliyo ndogo kuliko zote za Uswidi kwa ukubwa wa eneo. Jina lake kwa Kiswidi lina maana ya vilima vya rasiberi, ingawa mgeni anayeshuka hapo leo huona kwanza maghorofa marefu na si matunda. Majengo hayo yalisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, wakati serikali ya Uswidi ilipoazimia kujenga nyumba milioni moja katika muda wa miaka kumi, yaani kuanzia mwaka 1965 hadi 1974, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 8 tu. Stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Hallonbergen ilifunguliwa mwaka 1975, na kuta zake zimepambwa kwa picha za mtindo wa michoro ya watoto, kazi ya wasanii Elis Eriksson na Gösta Wallmark.

Sasa, nyumba zilizojengwa kwa pamoja huzeeka kwa pamoja. Mabomba makuu yanayopanda kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu, na hasa yale ya maji machafu, kwa kawaida huhesabiwa kuwa na umri wa miaka 40 hadi 50 hivi. Baada ya hapo Waswidi hufanya kile wanachokiita stambyte: mabomba ya jengo zima hung'olewa, bafu hubomolewa na kujengwa upya, na wakazi huvumilia miezi ya vumbi na vyoo vya muda. Kwa hiyo katika mtaa wa aina hii mtu huweza kukuta fleti yenye mabomba ya plastiki ya kisasa, na jirani yake akawa bado na bomba la shaba nyekundu lililoungwa kabla yeye hajazaliwa. Kabla ya kushika spana yoyote, ni muhimu mtu ajue ni kiungo cha zama zipi kilichoko mbele yake.

Kuna jambo jingine ambalo mtu aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anapaswa kulizingatia. Maji ya Sundbyberg hutoka katika Ziwa Mälaren, husafishwa katika mtambo wa Görväln unaoendeshwa na shirika la Norrvatten, na hufika bombani usiku na mchana bila ya mgao. Huko kwetu maji yakikatwa, uvujaji nao hupumzika. Mtu huweka ndoo chini ya kiungo, na siku mbili za mgao humpa nafasi ya kumtafuta fundi. Hallonbergen maji hayakatwi, na shinikizo lililoko saa nane za usiku ni sawa na la saa nane za mchana. Hebu tufanye hesabu ndogo. Ikiwa kila sekunde hudondoka tone moja lenye robo ya mililita, basi kwa siku moja hudondoka matone 86,400, ambayo ni zaidi ya lita 21. Hiyo ni ndoo nzima kwa siku, inayoingia katika ubao, katika sakafu, na hatimaye katika dari ya mtu mwingine.

Hapa tuongeze jambo kwa wasikilizaji wetu walioko nyumbani, maana nao si salama kwa sababu tu ya mgao. Kiungo kinachovuja ni mlango unaofunguka pande mbili. Maji yanapokuwa na nguvu, hutoka nje. Yanapokatwa, bomba hubaki na utupu, na utupu huo huvuta ndani chochote kilicholizunguka bomba, yakiwemo maji ya mtaro au ya choo pale ambapo mabomba yamepitishwa karibu na uchafu. Ndiyo maana maji ya mwanzo baada ya mgao huja na rangi na harufu, na ndiyo maana wataalamu wa afya husisitiza kwamba maji hayo yasinywewe bila ya kuchemshwa. Tena nchini Kenya, kwa mujibu wa taarifa za mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na makampuni ya maji yamekuwa kwa miaka mingi hayalipiwi. Si yote yaliyovuja, kwani humo kumo pia wizi na mita mbovu, lakini viungo vina fungu lao kubwa.

Tukirejea Hallonbergen, tuchukulie kwamba mama mmoja anayeishi ghorofa ya nne anafungua kabati la chini ya sinki ya jikoni asubuhi na kukuta ubao umelowa. Afanye nini?

Kwanza, afunge maji. Katika fleti nyingi za Uswidi, chini ya sinki kuna vikoki viwili vidogo, kimoja cha maji baridi na kimoja cha maji ya moto, ambavyo hufungwa kwa bisibisi: mfereji uliochongwa kichwani ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikingama, maji yamefungwa. Pia kuna koki kuu za fleti nzima, mara nyingi ndani ya kabati au nyuma ya kifuniko bafuni. Mtu anayehamia fleti mpya angefanya jambo la maana mno kuzitafuta koki hizo siku ya kwanza, kabla ya kupanga hata vyombo, na kuzijaribu kama zinafunga. Koki isiyoguswa kwa miaka ishirini huweza kukataa kufunga siku inapohitajiwa, au ikaanza yenyewe kuvuja inapolazimishwa. Ikiwa ni ngumu, isipigwe wala isivutwe kwa spana ndefu. Hiyo tayari ni sababu ya kumwita mwenye jengo.

Pili, ajue maji yanatoka wapi hasa. Hatua hii hurukwa na wengi, na huwagharimu wengi. Maji hufuata bomba na kudondoka mahali pengine kabisa, ama kwenye kona, ama kwenye nati ya chini isiyo na hatia yoyote. Akaushe kila kitu kwa kitambaa, kisha azungushie kipande cha karatasi ya chooni katika kila kiungo, afungue maji tena na kusubiri. Karatasi itakayolowa kwanza, iliyo juu kuliko zote, ndiyo yenye habari. Ikiwa karatasi zimepata unyevu mwepesi sawasawa katika bomba zima la maji baridi, na ni siku ya kiangazi yenye joto, basi huenda si uvujaji bali ni jasho: unyevu wa hewa hugeuka maji juu ya chuma baridi. Ikiwa hakuna kinacholowa mpaka sinki ijazwe na kuachiwa maji yote kwa mkupuo, basi kosa liko katika bomba la maji machafu na si la maji safi. Na ikiwa kiungo cha maji ya moto kinavuja alfajiri na kukauka mchana watu wanapotumia maji, asidhani kimejiponya. Shaba hutanuka ipatapo joto na kusinyaa ipoapo. Kiungo kilicholegea hujibana kikiwa cha moto na kujiachia kikiwa baridi.

Tatu ndipo huja swali la aina ya kiungo, na hapo njia hugawanyika.

Kiungo rahisi kuliko vyote ni kile cha bomba la plastiki la maji machafu chini ya sinki, lile lililopinda kama shingo ya bata ili kuzuia harufu isipande. Humo hakuna shinikizo. Viungo vyake hushikwa na nati kubwa za plastiki zenye washa ya mpira ndani. Mama yetu aweke beseni chini, afungue nati kwa mkono, asafishe mafuta na uchafu, aitazame washa kama imepasuka au imekaa upande, ainunue nyingine ya kipimo hicho hicho ikibidi, na afunge kwa mkono tena. Asitumie spana kubwa, kwani plastiki hupasuka, wala asizungushe tepu katika hesi zake, kwani kinachozuia maji hapo ni mpira na si hesi. Kazi hii ni ya dakika kumi, na mpangaji yeyote huweza kuifanya bila ya kumwogopa mtu.

Kiungo cha pili ni kile cha kubana kwa pete, nacho kimeenea sana Uswidi katika mabomba membamba ya shaba. Ndani ya nati mna pete ndogo ya chuma laini iliyovishwa bomba. Nati inapokazwa, pete hujikamua baina ya bomba na mwili wa kiungo na kuziba njia. Kikianza kudondosha, wakati mwingine nati imelegea tu kwa mtikisiko wa miaka mingi. Hapa zinahitajika spana mbili: moja hushikilia mwili wa kiungo usizunguke, ya pili huikaza nati kwa mwelekeo wa mshale wa saa, robo ya mzunguko tu, kisha mtu hutazama. Anayetumia spana moja huzungusha bomba zima na kukihamishia ugonjwa kiungo kilichoko ukutani. Na anayekaza kwa hasira huibana pete mpaka bomba linyongeke, na hapo kiungo hakiponi tena kwa kukazwa. Ikiwa robo moja, na pengine robo nyingine, haikusaidia, pete imekwisha kazi yake. Inabidi bomba likatwe sehemu ile iliyonyongwa na kuwekwa pete mpya; na ikiwa bomba ni la plastiki au la shaba laini, hutangulizwa ndani yake kijibomba kidogo cha kulipa nguvu lisibonyee. Wengi hukisahau kijibomba hicho, na kiungo chao huvuja baada ya miezi michache, pengine wakiwa wamesafiri.

Tukiwa bado katika habari ya spana, inafaa kukumbusha kwamba nyingi katika zana hizi zina nasaba ya karibu na Stockholm. Johan Petter Johansson, mwenye karakana katika mji wa Enköping ulioko magharibi ya jiji hilo, alisajili mwaka 1888 hataza ya koleo ya kushikia mabomba, na miaka michache baadaye akaiboresha spana ya kurekebishwa mdomo kwa kidole hadi ikawa na umbo tunalolijua leo. Ndiyo ile ambayo mafundi wa Afrika Mashariki, kwa utani wao usiofaa sana kutamkwa redioni, huiita spana malaya kwa kuwa haichagui nati. Kabla yake fundi alilazimika kubeba spana ya kila kipimo, na vipimo vya zama hizo havikuwa vimesanifishwa. Johansson mwenyewe alijifunza hayo kwa kutembea na mzigo huo wa vyuma.

Kiungo cha tatu ni cha hesi, au tredi kama wasemavyo mafundi. Hiki ndicho kilichotawala nyumba zetu za Afrika Mashariki katika zama za mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, na bado kimo katika koki, mita na viungo vya mashine ya kufulia. Hesi peke yake haizuii maji, huhitaji kijazio. Waswidi wa zamani walitumia nyuzi za kitani, na mafundi wao wengi bado huzipenda. Kwetu wazee wa kazi walitumia katani na rangi ya mafuta. Siku hizi karibu kila mtu hutumia tepu nyeupe. Siri ni mwelekeo. Mtu aitazame ncha ya hesi ikimwelekea usoni, azungushe tepu kama mshale wa saa, mizunguko mitatu au zaidi, huku akiivuta ili ilale ndani ya mifereji. Ikizungushwa kinyume, kiungo kinapokazwa huisukuma nje ikajikunja kama uzi wa cherehani. Tena kiungo kilichokwisha kukazwa kisirudishwe nyuma hata kidogo ili koki ikae sawa. Kikirudishwa, tepu hukatika ndani na kazi huanza upya.

Lakini kuna kiungo cha hesi kinachodanganya, nacho ni kile chenye washa bapa ndani yake, kama cha mpira wa mashine ya kufulia. Hicho hakitaki tepu. Kinataka washa nzima na uso safi.

Baada ya hapo tunaingia katika viungo ambavyo havikazwi kwa namna yoyote. Kiungo cha shaba kilicholehemiwa kwa moto hakina nati. Kukilehemu upya huhitaji bomba kavu kabisa, kwani maji machache yaliyobaki ndani huunyonya moto na risasi ya kulehemia haitashika. Na huhitaji mwali wa gesi karibu na mbao na karatasi za ukutani, jambo ambalo katika jengo la watu mia moja si la kujaribiwa jioni baada ya kazi. Kiungo cha kukamuliwa kwa mashine, kilichoenea katika mabomba mapya, nacho hukatwa na kutupwa. Huko Dar es Salaam na Nairobi, mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa kifaa cha joto la kiasi cha nyuzi 260 yako katika fungu hilo hilo: fundi akikuambia atapaka gundi juu ya kiungo kinachovuja, mwambie akate. Kile kipande cha tyubu ya baiskeli kinachofungwa kwa waya kimeokoa nyumba nyingi kwa usiku mmoja, nami sikidharau. Ubaya wake ni kwamba huonekana kimefanya kazi, na watu huweka sabuni mbele yake na kukisahau.

Tusisahau vyombo vya kupasha joto vilivyoko chini ya madirisha. Maji yaliyomo humo si ya fleti yako; huzunguka katika jengo zima, ni ya moto, mara nyingi ni meusi, na ukifungua nati moja huna koki ya jikoni itakayoyazuia. Chombo hicho kikivuja, weka beseni, piga simu, basi.

Wasikilizaji wapenzi, hadi hapa tumezungumza kama mafundi. Sasa tuzungumze kama wapangaji, maana hapa ndipo mtu huweza kupoteza zaidi ya ubao wa kabati.

Sheria ya upangaji ya Uswidi, ambayo ni sura ya 12 ya sheria ya ardhi ya nchi hiyo, inamtaka mpangaji aitunze vyema nyumba, na inamtaka pia atoe taarifa. Uharibifu ambao ni lazima urekebishwe mara moja ili usilete madhara makubwa, mpangaji anapaswa kumwarifu mwenye nyumba papo hapo; kasoro nyinginezo, bila ya kuchelewa pasipo sababu. Kurekebisha bomba lililochakaa ni gharama ya mwenye nyumba. Mpangaji halipii uzee wa bomba. Anachoweza kulipia ni uzembe wake, na kunyamaza ni aina mojawapo ya uzembe: akijua kuna uvujaji na asiseme, madhara yaliyotokana na ukimya huo huweza kudaiwa kwake. Aliyefungua kabati Jumatatu na kupiga simu Jumatatu hana deni. Aliyefungua Jumatatu na kuweka sufuria hadi mwezi uliofuata ana la kueleza, na sufuria yenyewe ni shahidi dhidi yake.

Sheria hiyo haiishii kwa mpangaji peke yake. Humbebesha pia makosa ya watu wa nyumbani mwake, ya wageni wake, na ya mtu yeyote anayefanya kazi humo kwa niaba yake. Hapo ndipo penye mtihani kwa jamii zetu. Kila mtaa wenye watu wa kwetu una ndugu mmoja anayejua bomba, pengine aliyesomea VETA na kufanya kazi miaka kumi Kariakoo au Kisauni, na mkono wake ni mzuri kuliko wa kijana atakayetumwa na kampuni. Uswidi haina leseni ya serikali kwa fundi bomba kama iliyonayo kwa fundi umeme. Lakini makampuni ya bima huuliza kama kazi ilifanywa kwa kufuata kanuni za fani, zijulikanazo kwa jina la Säker Vatten, na kama kuna hati ya kampuni iliyoidhinishwa. Kanuni hizo zina mantiki ambayo ndugu yetu fundi angeiafiki: kiungo kisifichwe ndani ya ukuta, na kama lazima maji yavuje, basi yavujie mahali patakapoonekana upesi. Ndugu huyo akiungua kidole, ni hasara yake. Akiacha nati imelegea juu ya dari ya jirani, hasara ni ya mwenye mkataba wa nyumba aliyemwita.

Kwa aliyenunua haki ya kuishi katika jengo la ushirika, mpaka huwa tofauti. Kwa kawaida ushirika huwajibika kwa mabomba yanayohudumia zaidi ya fleti moja, na mwenye fleti huwajibika kwa mengi yaliyomo ndani yake. Asome katiba ya ushirika wake kabla ya siku ya mafuriko, kwani huko hakuna mwenye nyumba wa kumtupia kila kitu, na bima ya fleti yake inapaswa kulingana na wajibu huo.

Lakini mwenye shida kubwa kuliko wote ni yule anayeishi kwa mkataba wa mkono wa pili, yaani aliyepangishwa na mpangaji. Stockholm ni jiji lenye foleni ndefu ya nyumba, na wageni wengi huanzia huko. Baadhi yao wanaishi bila ya mwenye jengo kuridhia, na aliyewapangisha huweza kupoteza mkataba wake jambo hilo likijulikana. Kwa hiyo kiungo kinapoanza kuvuja, huambiwa: nyamaza, nitamleta mtu mwishoni mwa wiki. Tunaielewa hofu hiyo, na haistahili kebehi. Paa juu ya kichwa ni jambo zito katika nchi yenye baridi. Hata hivyo, tuipime na mkondo wa mambo. Maji yatakapofika kwa jirani wa chini, yeye atapiga simu bila ya kumshauri mtu. Sheria inampa mwenye nyumba haki ya kuingia mara moja kwa kazi isiyoweza kungoja. Fundi ataingia, atauliza ni tangu lini, na atakayejibu ndiye yule yule aliyeambiwa anyamaze. Mpangaji wa mkono wa pili na amwarifu aliyempangisha kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha, akitaja siku na saa. Na ikiwa maji hayafungiki, apige simu ya dharura ya jengo hata kama mwenzake amekataa. Mashine za kukausha zinazowekwa sakafuni baada ya uharibifu huunguruma kwa majuma kadhaa, na bili yake haifanani na ya washa.

Inasalia namna ya kutoa taarifa. Neno la kutafuta katika mlango wa ngazi au katika tovuti ya mwenye nyumba ni felanmälan, maana yake taarifa ya hitilafu. Nambari ya usiku na siku za mapumziko huandikwa jour. Nambari hiyo ya usiku ni kwa maji yasiyofungika, maana baadhi ya wenye nyumba hutoza gharama fundi akiitwa usiku kwa jambo lililoweza kungoja asubuhi. Asiyejua Kiswidi anaweza kusema sentensi moja tu, "Det läcker under diskbänken", yaani kunavuja chini ya sinki ya jikoni, kisha ataje anwani, ghorofa, jina lililoandikwa mlangoni, na kama amekwisha kufunga maji. Apige picha za ubao uliolowa na kiungo chenyewe kabla hajafuta chochote, aandike saa, na aulize nambari ya taarifa yake. Kisha ashuke ngazi amgongee jirani wa chini na kumwomba atazame dari ya jikoni mwake. Ikiwa kuna doa la rangi ya chai, hilo nalo lipigwe picha na litajwe katika taarifa, kwani fundi atakayekuja na habari hiyo atakuja na vifaa vya nyumba mbili badala ya moja.